Zamu Niliyoikalia Kilimani

Kilimani, Makere
Jumanne jioni

Yusta mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Sasa nitaandikaje hivyo na wewe uko hapo uani, nakuona dirishani, unalipiga pasi gauni lile lile mara ya tatu? Makaa yenyewe yalishapoa, unasukuma chuma tu. Hofu ninayo, sikatai, lakini haitokani na umbali. Utaijua ukiendelea kusoma.

Nimemwambia mama yako akupe barua hii kesho mkishafika kwenye daraja la magogo, mkikaa kupumzika. Isome yote kabla hamjateremka zahanati kusubiri lori la Kibondo, kwa sababu pale zahanati kuna kazi nataka unifanyie, na kazi hiyo ina saa yake. Usiisome ukitembea, utajikwaa. Nakujua.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kufuli, ya wavulana wa Mwanza, yote mama yako amekuhubiria wiki nzima na bado hajafika amina. Shangazi yako wa Kibondo utakayelala kwake naye ataanza upya. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka kukusimulia habari za simu.

Najua unacheka. Mtoto aliyejifunza kuandika namba kwenye ubao wa simu, anayekwenda chuo kusomea hizo hizo simu, leo baba yake wa darasa la nne anataka kumfundisha! Vumilia. Iko sehemu ya habari hii ambayo hukuiona, na iko sehemu uliyoiona mimi nikajifanya hukuiona.

Tulipohamishiwa kijijini, unakumbuka, maji yalibaki bondeni na sisi tukawekwa juu. Ndipo mradi ukaja. Wakafunga pampu kule mtoni, wakalaza bomba mpaka kwenye tangi hili nilitunzalo. Katikati, pale bomba linapogawanyika, moja kwenda kijijini na jingine kupanda huku, wakaweka koki kubwa na kibanda. Hapo pakaitwa Njia Panda. Chini kabisa, barabarani, zahanati ikapata tangi lake dogo. Vituo vinne basi: Pampuni, Kilimani, Njia Panda na Zahanati. Kila kituo kikapewa simu ya kuzungusha mpini, na simu zote nne zikafungwa kwenye waya mmoja.

Mtu wa Pampuni halioni tangi. Mimi wa tangi siioni pampu. Wa Njia Panda anaona koki yake tu na vichaka. Kila mmoja anashika kipande cha kazi, na bila mwenzake ni kama kipofu. Pampuni asipojua tangi limejaa, atasukuma maji mpaka yamwagike. Mimi nisipojua koki imefungwa, nitakaa nashangaa kwa nini ufito wangu wa kupimia haulowi. Kwa hiyo lazima tuambiane, tena kila mara, na njia ya kuambiana ni ule waya mmoja. Siku za kwanza tulisema wote kwa pamoja. Mama wee! Ilikuwa kama kuku waliomwona kicheche. Hakuna aliyesikia chochote, na kila mtu alikata simu akidhani ameeleweka.

Fundi Mkuu, yule bwana mfupi wa Tanga aliyekuwa akija na Land Rover kutoka Kasulu, ndiye aliyetuwekea utaratibu. Alituketisha chini hapa hapa kwangu akasema, "Ndugu zangu, zamu ni moja. Aliye nayo ndiye anasema. Akimaliza anampa mwenzake kwa jina. Asiye nayo anafunga mdomo, anasikiliza, anaandika." Akatupa kila mmoja ubao mweusi wenye safu nne. Kila baada ya saa mbili, Pampuni anaanza, anasema yake, anasema "Kilimani, pokea." Mimi naitikia, natoa kipimo cha tangi, nasema "Njia Panda, pokea." Naye hivyo hivyo kwa Zahanati, na Zahanati anairudisha Pampuni. Zamu ikishazunguka, mbao zote nne zina namba zile zile, na kila mmoja wetu, hata aliye peke yake na vichaka, anajua bomba zima likoje. Na kama huna jipya? Unasema "sina jipya" na unaipitisha. Huruhusiwi kukaa nayo. Hilo alilirudia mpaka tukachoka.

Lakini sisi ni Waha, mwanangu. Utamsikiaje mtu usimwulize kulikuchaje, watoto je, ng'ombe je, yule mgonjwa je? Minani wa Njia Panda, ambaye wewe unamwita baba mdogo ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, ndiye aliyeongoza kwa salamu zetu. "Mwakeye, Kilimani! Mwakeye, Pampuni!" Kila mtu alimwitikia kila mtu, mpaka mizizi. Jumatatu ya kwanza zamu ilichukua karibu saa nzima kuzunguka, na huku nyuma tangi likafurika likaenda na maharage yote ya jirani yetu. Fundi Mkuu alikuja amevimba mashavu. "Mnasalimiana mpaka lini? Maji hayangoji shikamoo!" Akapiga marufuku salamu kwenye waya.

Tukatii, lakini tulijiona watovu wa adabu. Ndipo Minani akabuni kitu. Kabla ya kutoa namba zake aligonga mdomo wa simu kwa ukucha mara mbili, ko ko, basi. Kwetu mtu husalimiwa kwa kupigiwa makofi; yale ndiyo makofi yake, ndiyo salamu. Haikuchukua hata nukta moja. Wote tukaiga, na Fundi Mkuu akajifanya hasikii. Mpaka leo watu wa waya huu tunagonga mara mbili, na vijana waliokuja baadaye hawajui kwa nini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi, wewe una miaka kumi na miwili. Babu yako mzaa mama alikuwa hajakanyaga hapa tangu tuhamie. Unajua alivyokuwa ananiona: mkwe asiye na maana, mlinzi wa pipa. Aliwaambia hivyo watu wa kwao Heru Juu, na maneno yakapanda kilima yakanifikia. Asubuhi ile, bila taarifa, akatokea. Na alitokea saa nne kamili, Pampuni akiwa ameshaniambia "Kilimani, pokea" na mimi nimeshaitikia "nimepokea." Zamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa nahitaji kusema maneno matano. Futi tano, Njia Panda, pokea. Maneno matano tu, Yusta. Ningeyasema, nikaweka simu, nikachuchumaa kumpokea mzee kama inavyotakiwa. Asingekasirika. Badala yake niliuweka mkono wa simu juu ya meza, nikamwendea, nikachuchumaa, nikaanza kupiga makofi.

Miaka yote hii nimejidanganya kwamba ni heshima. Kwamba kwetu salamu ya mkwe haikatizwi katikati, kila mtu anajua. Ni kweli haikatizwi. Lakini nilikuwa sijaianza, nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ukweli ni kwamba nilitaka aone. Alipouliza ile sauti mezani ni ya nani, nilicheka nikamjibu, "Hao ni wenzangu wananisubiri. Waache wasubiri, bila mimi hawawezi kusema." Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu. Nikaona uso wa mzee umelegea, nikaona raha. Nikaendelea na salamu za ukoo mzima, waliopo na waliokufa.

Na wewe ulikuwa mlangoni na chaki mkononi, unangoja namba uandike. Ulisogea ukasema, "Baba, simu inaita. Inasema achia." Nikakukaripia: "Nyamaza! Huoni nazungumza na babu yako?" Ukanyamaza. Mimi pia niliisikia sauti ile. Ilikuwa ndogo, imefunikwa na mbao za meza, lakini niliisikia vizuri kabisa. "Kilimani, achia! Kilimani, achia!" Ni Minani.

Kule Njia Panda kiungio cha bomba kilikuwa kimeanza kutema maji. Alitaka jambo moja: Pampuni azime injini ili akaze boliti. Lakini mzee wa Pampuni alikuwa ameshatoa zamu yake, ameweka simu, ametoka kutia dizeli, na ili arudi ilibidi kengele imwite. Unalijua hili kuliko mimi sasa: mkono wa simu mmoja ukiwa nje, kengele za wengine zinakosa nguvu. Minani alizungusha mpini mpaka bega likamuuma, na kule Pampuni kengele ilikohoa tu, na injini inanguruma. Zahanati walikuwa na wagonjwa, hawajainua simu. Akanipigia kelele mimi. Mimi nilikuwa nauliza habari za mbuzi wa Heru Juu.

Alipoona hakuna anayemjibu akachukua spana akaenda kukizuia kiungio kwa mikono yake. Chuma kikaruka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda nacho.

Haya mengine unayajua. Kiangazi kizima bomba likakaa kavu tukingoja kiungio kutoka Dar es Salaam, akina mama wakarudi mtoni na ndoo, watoto wakaharisha, na Zahanati ikawa inachemsha maji ya kubebwa kichwani. Usichokijua ni nilichofanya jioni ile baada ya babu yako kuondoka. Nilisimama mbele ya ubao. Mstari wa saa nne ulikuwa mtupu. Nikachukua chaki uliyoiacha, nikaandika kipimo changu, na kwenye nafasi ya Njia Panda nikachora kistari. Kistari maana yake kituo hakikuitika.

Baraza lilikaa chini ya bati la shule. Fundi Mkuu akauliza zamu ilikatika wapi. Minani, mkono umefungwa kitambaa, akasimama akasema, "Mimi nilisubiri zamu. Zamu haikuja." Basi. Akaketi. Nikaulizwa mimi. Nikasema, "Nilimpa. Hakuitika." Wakaletewa mbao. Wangu umeandikwa vizuri. Wake, kwa kuwa ni mtu mkweli na zamu haikumfikia, ulikuwa mtupu. Wakasema alilala kazini. Akafukuzwa, na mkono wake ule.

Kisha, loo, aibu hii sijui niiweke wapi, nikatoa na ushauri. Nikasema kuanzia sasa zamu ikikaa kimya, wote wahesabu mpaka mia, na wakifika mia anayefuata aichukue mwenyewe bila kungoja, ili waya usife kwa sababu ya mtu mmoja. Na simu zisiwekwe chini mpaka zamu izunguke. Fundi Mkuu akanipa mkono mbele ya kijiji akasema huyu ndugu ana akili. Utaratibu ule ni mzuri, unafanya kazi mpaka leo, na haujawahi kuleta madhara. Niliupata kwa vidole vya mwenzangu na nikapigiwa makofi.

Nilipotoka pale ulikuwa umesimama nje, umeshika mti wa uzio. Uliniangalia. Hukusema kitu, na tangu siku ile hujawahi kusema kitu. Karibu nusu mwaka hukuigusa simu wala chaki. Mimi nikajiambia, ni mtoto, amesahau. Mtoto gani anasahau! Nilikunyamazisha mara moja kwa maneno, na wewe ukanyamaza miaka minne. Nisamehe, Yusta. Nakuandikia hili likiwa peke yake ili usilipite: nisamehe, mwanangu, ulisema kweli siku ile na mimi nilikufunga mdomo.

Usidhani sikujaribu. Mara mbili nimeteremka kwa Minani nimekusudia kabisa. Mara ya kwanza nilifika, tukasalimiana, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua, akaniletea muhogo wa kuchoma, na jua likatua. Nikarudi. Mara ya pili nilijiapiza njiani kwamba nitaanza na lenyewe. Akanipokea, "Mwakeye, Kilimani!" Bado ananiita Kilimani. Ulimi ukanata. Nikauliza habari za ng'ombe. Unaona? Zile salamu zilizomkata vidole ndizo nilizokuwa najificha ndani yake.

Naye hana kinyongo cha kuonyesha watu. Ile kazi ya ulinzi pale zahanati wakampa kwa huruma, anafagia, anapalilia maua. Jina la Minani ni la mtoto wa nane, na yeye huwaambia wagonjwa kwamba sasa limemkaa sawasawa: wa nane kwa kuzaliwa na wa nane kwa vidole. Watu wanacheka. Mimi nikiwepo nacheka pia.

Ndipo ikaja Jumapili hii. Nilikuwa nimekwambia sanduku lako limetengenezwa na seremala wa mjini, nikadhani ndivyo. Kumbe mama yako alimpa kazi Minani, maana yeye mwenyewe aliomba. Alilileta kichwani mpaka hapa, likawa linapwaya bawaba moja, akakaa uani kuirekebisha. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alishika msumari kwa kidole gumba na vile vilivyobaki, ukamponyoka, akauokota. Ukamponyoka tena, akauokota. Mara ya tatu akaupata, akagonga. Kabla ya kuinuka akagonga kifuniko kwa ukucha, ko ko, akakwambia, "Sanduku linakusalimu, mwanangu. Ukifika Mwanza utusalimie mitambo." Wewe ukacheka, ukamkumbatia. Nikaenda nyuma ya tangi nikalia mpaka kamasi.

Usiku ule nikamwambia mama yako kila kitu. Nilidhani ataanguka. Akaendelea kuchambua maharage. "Baba yangu alifika saa nne akaondoka saa tisa," akasema. "Unadhani mimi jikoni sina masikio? Nimekungoja miaka minne." Nikamwambia nitakuandikia wewe barua, nikutubie kabla hujaondoka. Hapo ndipo akakasirika. "Mwandikie, ndiyo. Lakini Yusta hakukatika kidole. Kamwambie mwenye vidole." Mama yako akisema hivyo hakuna rufaa.

Nimefikiri nitamwambiaje. Nikienda kwake, nitasalimia. Na zaidi ya hapo, uongo sikuusema kwake nyumbani, niliusema mbele ya vituo vyote vinne na kijiji. Basi ukweli nao upite njia ile ile, usikiwe na wote. Kesho Fundi Mkuu yuko Pampuni, amekuja kukagua injini. Mtu mpya wa Njia Panda atakuwa kwenye simu. Mganga wa zahanati atakuwa kwenye simu. Kesho saa nne, Pampuni akisema "Kilimani, pokea," nitapokea, nitatoa kipimo cha tangi kwa sababu maji lazima yaendelee, kisha nitasema niliyofanya. Nitayasema kwa kifupi. Nimeyaandika pembeni ya ubao ili ulimi usininate.

Hii ndiyo sababu siwezi kukusindikiza mpaka barabarani, na wewe leo mchana ulinuna ukadhani napenda tangi kuliko wewe. Nilikuona. Hapana. Nisipokuwa hapa saa nne kesho, sitakuwa hapa siku nyingine yoyote, nitapata sababu nyingine, najijua.

Kazi yako ni hii. Mtafika zahanati mapema, lori haliji kabla ya saa tano. Saa nne ikikaribia, mtafute baba mdogo Minani, atakuwa kwenye maua. Mwambie Kilimani ana neno naye kwenye waya. Mganga ni muungwana, hatakataa. Mpe Minani mkono wa simu aushike yeye, katika mkono ule ule. Wewe simama karibu uweke sikio, maana nawe una haki ya kusikia. Usimweleze kitu kabla. Ni langu kulisema.

Naogopa, sikufichi. Wanaweza kunitoa kazini, na itakuwa halali yao. Shamba lipo, na muhogo hauulizi mtu alisema nini kwenye baraza. Masomo yako yanalipwa na serikali, hayategemei tangi hili, nimeuliza nikahakikisha. Kwa hiyo chochote utakachokisikia, panda lori. Usirudi nyuma kunifuta machozi. Nikikuona unapanda kilima hiki kesho mchana nitakutimua kwa fimbo, na mama yako atanisaidia.

Huko uendako utayaona mengi. Fundi Mkuu aliwahi kunisimulia kwamba viko viwanda ambamo mitambo inaambiana yenyewe kwa waya bila mtu kuzungusha mpini: huu umejaa, huu umesimama, huu una joto. Sijui kama alitia chumvi. Lakini nilipomuuliza inafanyaje isipigiane kelele, akasema hata hiyo lazima ipeane zamu, hakuna namna nyingine. Nimeliwaza sana hilo. Inawezekana ukaja kutengeneza kitu cha namna hiyo, kikawekwa hapa, na tangi likazungumza na pampu huku mtunza tangi akisalimiana na mkwe wake mpaka jioni. Nitafurahi sana. Ila niseme unachojua tayari: mtambo hauwezi kuona raha kwamba wengine wanausubiri. Mimi niliona. Ndipo lilipoanzia, hata kabla ya uongo. Ukijikuta siku moja una zamu na wengine wako kimya kwa ajili yako, na moyo wako unaanza kupanda kidogo, hapo mkumbuke baba yako. Sema kipimo chako, uiachie.

Na ukisikia kitu kinasema "achia" na mkubwa anakwambia nyamaza, usinyamaze. Hilo nakuomba kuliko yote. Nataka niwe mtu wa mwisho aliyeweza kukunyamazisha.

Naona umemaliza kupiga pasi. Mama yako anakuita ukajaribu viatu. Umepita hapa mlangoni sasa hivi, ukanitazama, nikafunika karatasi kwa mkono. Umetabasamu. Sijastahili tabasamu lile, lakini nimelichukua.

Nitakachosema kesho mwishoni ni maneno niliyotakiwa kuyasema miaka minne iliyopita. Nitasema, "Hiyo ndiyo zamu ya siku ile. Njia Panda, pokea." Nitamwita kwa jina la kituo chake. Kisha nitanyamaza. Sitasalimia, sitauliza ng'ombe. Nitakaa na simu sikioni, nasikiliza kama kucha ya Minani itagonga mara mbili.

Hana deni la kunigongea. Asipogonga, mwache, umshike bega, umrudishie mganga simu. Utaratibu wa waya ni kuhesabu mpaka mia, halafu anayefuata anaendelea na kazi, na hao wengine waendelee. Lakini mimi sitaiweka simu chini. Nitafika mia, nitaanza tena moja.

Baba yako,
Kilimani